Kucha za Mpakani: Safari ya Mapambo ya Vidole Arua na Koboko

Rangi ya kucha ya chembechembe haitoshi kuitazama. Huna budi kuigusa. Ikishakauka haing'ai kama ile ya kawaida. Hubaki na mkwaruzo mwembamba, kama mchanga wa ukingo wa Mto Enyau unaopita Arua, na aliyepakwa utamwona mara kwa mara akipitisha kidole gumba juu ya kucha za vidole vingine bila hata kujijua. Raha yake iko kwenye ncha za vidole, na ndiyo maana wanaoipenda huipenda kwelikweli.

Katika miji miwili ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yaani Arua na Koboko, rangi hii ni mgeni wa juzi tu. Lakini kupamba vidole ni jambo la siku nyingi, na kila hatua yake iliingia kwa njia zilezile zilizoleta majeshi, dini, bidhaa na wakimbizi. Anayefuatilia historia ya kucha za wanawake wa hapa huisoma historia ya mpaka wenyewe: Sudan upande wa kaskazini, Kongo upande wa magharibi, Kampala ng'ambo ya Nile. Kuhusu bunduki zilizopita katika nchi hii pameandikwa vitabu vingi. Kuhusu hina na vichupa vya rangi pameandikwa machache mno, na hiyo ni hasara kwetu sote.

Chale kabla ya rangi

Urembo wa kuguswa haukuanzia kiwandani. Walugbara wa zamani walichanja chale, na alama hizo zilizoinuka juu ya ngozi zilikuwa pambo la macho na la mkono kwa pamoja. Watoto waling'olewa meno ya mbele ya taya la chini, desturi waliyokuwa nayo pia jamii nyingine za bonde la Nile. Mapambo hayo yaliumiza, na aliyeyapata alikuwa nayo maisha yake yote. Wakoloni, wamisionari na walimu wa shule waliyapiga vita, na kizazi baada ya kizazi yakaachwa.

Hina ilishika njia nyingine: ilikuja na Wanubi. Mwaka 1878 Mjerumani Eduard Schnitzer, aliyejulikana zaidi kwa jina la Emin Pasha, alifanywa gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya serikali ya Misri. Vita vya Mahdi vilipofunga njia ya Khartoum, alirudi kusini na kuweka makao yake Wadelai, kwenye ukingo wa Nile ndani ya West Nile ya leo. Henry Morton Stanley alimchukua mwaka 1889 na kumpeleka pwani, lakini askari wengi walibaki nyuma pamoja na familia zao, chini ya afisa wao Selim Bey. Mwingereza Frederick Lugard aliwafuata karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 na kuwaajiri. Hao ndio walioitwa Wanubi, na ndio waliokuwa kiini cha jeshi la kikoloni la Uganda.

Wanahistoria huwahesabu askari. Nyuma ya kila askari, hata hivyo, palikuwa na wake, mabinti, masuria na watumishi, watu waliotoka makabila mengi wakaunganishwa na Uislamu na lugha ya Kinubi, ambayo ni Kiarabu kilichozaliwa upya kambini. Wanawake ndio waliobeba utamaduni wa nyumbani: vikapu na vifuniko vya rangi kali vya kusuka, kujifukiza kwa moshi wa kunukia kabla ya harusi, na hina ya mikono na miguu. Bibi harusi wa Kinubi aliye na ncha za vidole zilizoiva wekundu mpaka kwenye kucha ni taswira ambayo watu wa Arua, Koboko, Bombo na hata Kibera nchini Kenya wanaijua vizuri.

Hina ina subira yake. Majani ya mhina hukaushwa, husagwa, huchanganywa na maji na ndimu, kisha uji wake hupakwa na kuachwa kwa saa nyingi, aghalabu usiku mzima. Ndani ya majani hayo mna kemikali iitwayo lausoni, ambayo hushikana na keratini, ile protini iliyojenga ngozi, nywele na kucha. Kwenye ngozi hina hufifia baada ya wiki moja au mbili. Kwenye ukucha haitoki. Hungoja mpaka ukucha ukue na kukatwa, jambo linaloweza kuchukua miezi kadhaa. Mwanamke aliyepakwa hina ya harusi huibeba harusi yake vidoleni muda mrefu baada ya wageni kuondoka.

Nchi iliyobadilishwa mikono

Wakati hina ikizoea makao mapya, nchi yenyewe ilikuwa ikipitishwa mkono kwa mkono. Mwaka 1894 Uingereza ilimpangisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo lililoitwa Lado. Leopold alikufa Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo hilo likarudishwa chini ya Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ilitiwa ndani ya Uganda, na Arua ikawa boma la wilaya mpya ya West Nile. Wakakwa wa Koboko walijikuta wamegawanyika katika nchi tatu, na mpaka leo mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini panaitwa Salia Musala. Watu waliogawanywa hivyo hawakuacha kutembeleana, kuoana wala kuuziana. Kila kilichopendwa upande mmoja kilivuka kwenda wa pili.

Serikali ya kikoloni iliitazama West Nile kama ghala la nguvu kazi. Wanaume walikwenda kukata miwa katika mashamba ya sukari ya Buganda na Busoga, au waliandikishwa jeshini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Walirudi na mishahara, na mishahara hiyo ilitumika katika maduka ya Wahindi yaliyokuwa yamefika hadi miji ya mbali kama Arua. Kwa njia ya maduka hayo sabuni za kunukia, poda na vipodozi vingine vya viwandani vilijulikana mbali na pwani na mbali na reli.

Rangi ya kucha ya chupani ilikuwa imezaliwa Marekani. Mwaka 1911 Northam Warren alianza kuuza maji ya kulainisha ngozi ya kwenye shina la ukucha kwa jina la Cutex, na mwaka 1917 kampuni yake ikatoa rangi ya kucha ya majimaji. Kilichoifanya rangi ya kisasa iwezekane ni nitroselulosi, kitu kilichotumika pia kutengeneza baruti na filamu za sinema. Katika miaka ya 1920 viwanda vya magari vilianza kupaka magari rangi za nitroselulosi zilizokauka haraka na kung'aa, na watengenezaji wa vipodozi wakafuata mkondo huo. Mwaka 1932 ndugu Charles na Joseph Revson, pamoja na mkemia Charles Lachman, walianzisha Revlon. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa rangi ya kucha iliyofunika ukucha wote, tofauti na zile za awali zilizoonyesha ukucha kwa chini. Lakini jina lililoshinda huku kwetu ni la yule wa kwanza: kuanzia Mombasa hadi Arua watu husema kyuteksi, hata chupa ikiwa imetoka Guangzhou.

Amri, uhaba na magendo

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin, Mkakwa ambaye asili ya ukoo wake ni Koboko, alitwaa madaraka. Serikali yake iliujali mno mwili wa mwanamke, tena kwa njia mbaya. Mwaka 1972 sketi fupi zilipigwa marufuku kwa sheria. Mwaka 1974 zikafuata wigi na suruali kwa wanawake. Yaani mtawala aliyeshindwa kuwalinda wananchi wake dhidi ya askari wake mwenyewe alipata muda wa kupima urefu wa sketi. Ni jambo la kukumbukwa kila mara tunaposikia kwamba urembo ni upuuzi usiohusu siasa. Wenye mamlaka hawajawahi kuuona kuwa upuuzi.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia, wakiwamo Wahindi wenye maduka, siku 90 kuondoka. Maduka yao yaligawiwa wengine, bidhaa zikaadimika, na kufikia mwisho wa muongo hata sukari, chumvi na sabuni zilitafutwa kwa foleni. Neno magendo likawa la kila siku. Mapema Juni 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalifika mpaka wa Sudan, na vita vikaisha. Kwa watu wa West Nile mateso makubwa zaidi yalikuwa bado mbele. Mapigano na visasi vya mwaka 1980 na baada yake viliwakimbiza maelfu kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi mpaka nusu ya pili ya miaka ya 1980.

Uhamishoni watu walijifunza biashara. Soko la Ariwara, upande wa Kongo, likawa kitovu cha bidhaa zilizozunguka nchi tatu. Mtafiti Kate Meagher aliichambua biashara hiyo ya pembeni ya sheria katika makala yake ya mwaka 1990, na baadaye Kristof Titeca akaandika kuhusu wafanyabiashara wa Arua na vijana wa mafuta ya magendo waliojiita OPEC Boys. Kahawa, dhahabu, mafuta, sigara na vitenge ndivyo vilivyowavutia watafiti. Lakini fikiria kichupa cha rangi ya kucha: kinajaa kiganjani, hakiozi upesi, na chupa kumi na mbili zinaingia ndani ya mkoba chini ya kanga. Kwa mama mwenye mtaji mdogo, bidhaa za namna hiyo ndizo zilizowezekana.

Mchanga waingia kwenye kucha

Mambo mawili yalikutana katika muongo wa 2000. La kwanza ni Juba. Mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005 ulifungua soko lenye njaa ya kila kitu, na Koboko ilikuwa mlangoni, kwenye njia ya kwenda huko kupitia Oraba, Kaya na Yei. Baadaye barabara ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ikatiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia. La pili ni China. Wafanyabiashara wa Kampala walianza kusafiri wenyewe hadi Dubai na Guangzhou, na katoni zao zilishuka Kikuubo, eneo la biashara la jiji hilo, kabla ya kupandishwa mabasi ya West Nile.

Muda mfupi baadaye viwanda vya rangi ya kucha viliacha kuogopa mkwaruzo. Kwa karibu karne nzima ubora wa rangi ulipimwa kwa ulaini wake: kibonge, povu au ufa ulikuwa kasoro. Januari 2011, mwezi uleule ambao Wasudan Kusini walipanga foleni kupiga kura ya uhuru, kampuni ya OPI ya Marekani ilitoa rangi nyeusi iitwayo Black Shatter. Ilipopakwa juu ya rangi nyingine iliyokwisha kukauka, ilijikunja na kupasuka yenyewe, ikaacha nyufa zinazoonyesha rangi ya chini. Mwaka 2012 Ciaté ya London ilileta vishanga vidogo vya kumwagiwa juu ya rangi mbichi. Mwaka 2013 chembe zikaingia ndani ya chupa yenyewe: OPI ikatoa Liquid Sand, Zoya ikatoa PixieDust, na China Glaze na Sally Hansen nao hawakuachwa nyuma. Viwanda vya China viliiga kama ilivyo kawaida, kwa bei ambayo mwuza duka wa Arua anaweza kuilipa.

Desemba 2013 vita vilizuka Juba, na Julai 2016 vikarudi kwa nguvu zaidi na kusambaa hadi Yei. Wateja wa jana wa Koboko walirudi wakiwa wakimbizi. Kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na kwa muda mfupi ikapokea zaidi ya watu 270,000. Katika kambi za West Nile saluni ni miongoni mwa biashara zinazoanza mapema: kiti, kioo, ndoo ya maji, mikono yenye ujuzi. Mwenye kudhani kwamba mkimbizi hana haja ya kupendeza hajawahi kuketi karibu na mama aliyepoteza nyumba na bado anataka kwenda kanisani au kwenye harusi akiwa mtu kamili.

Mikononi mwa mpakaji

Katika miji ya Uganda, kama ilivyo Dar es Salaam na Nairobi, wapakaji wengi ni vijana wa kiume. Hutembea na kikapu au ndoo iliyopangwa chupa pande zote, kibao cha kukalia mkononi, wakipita dukani, sokoni na kwenye vibanda. "Mama, leo tuweke gani?" Mama anachagua bila kuacha kuuza nyanya zake.

Tazama rangi ya chembechembe inavyopakwa. Kwanza kijana huitikisa chupa, na ndani husikika vigololi viwili vya chuma vikigongana. Kazi yake ni kuziinua chembe zilizozama. Rangi ya aina hii hutiwa udongo maalumu unaoifanya nzito, la sivyo chembe zote zingelala chini. Kisha hukwangua rangi ya zamani, husawazisha kingo kwa tupa, hupaka mpako wa chini usio na rangi, na kuungoja ukauke. Brashi haipitishwi mara nyingi kama kwa rangi ya kawaida. Hupitishwa mara moja katikati, mara moja kila upande, nyepesi, kwa sababu kurudiarudia husukuma chembe zote ukingoni. Tabaka la kwanza huonekana baya, lina mabaka. La pili ndilo huleta sura. Mwanzoni linang'aa kwa umajimaji, halafu linavyokauka mng'ao hufifia na chembe hujitokeza moja baada ya nyingine, kana kwamba zilikuwa zimejificha.

Hapo mpakaji asiyeijua hufanya kosa la kupaka mpako wa juu wa kung'arisha, akaua mkwaruzo wote. Mjuzi huiacha ilivyo. Tatizo huja siku ya kuitoa, kwa maana hushika kwa nguvu na kuichana pamba. Dawa yake ni kulowesha pamba kwa asetoni, kuiweka juu ya ukucha, kuifunga kwa foili na kungoja dakika tano hadi kumi, kisha kuivuta taratibu. Anayekwangua kwa wembe huondoka na tabaka la ukucha wake.

Udhu, ofisi na afya

Ugomvi kuhusu kucha haujaisha. Yumbe, Koboko na Arua zina Waislamu wengi, na kwao rangi ya chupani ina swali lake: huweka ngozi isiyopitisha maji juu ya ukucha, na udhu hautimii. Ndiyo maana hina, inayoingia ndani ya ukucha badala ya kuufunika, haijang'olewa kwenye nafasi yake. Wengi hupaka kyuteksi siku ambazo hawasali, kisha huitoa. Inglot ya Poland ilitoa rangi iitwayo O2M, inayosemekana kupitisha hewa na mvuke wa maji, lakini wanazuoni hawakukubaliana kuhusu hukumu yake.

Serikali nayo haijaacha kutazama vidole. Mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ya Uganda ilitoa waraka wa mavazi uliowakataza watumishi wa kike kucha ndefu zenye rangi kali au za rangi nyingi. Ukiondoa sababu za usafi, ambazo kwa muuguzi na mpishi ni za maana, ni vigumu kuona jinsi ukucha wa zambarau unavyochelewesha faili.

Hoja ya afya ndiyo ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Rangi za bei ya chini zinaweza kuwa na toluini, fomaldehaidi na dibutili fthaleti; hii ya mwisho ilipigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya tangu muongo wa 2000. Anayeumia zaidi ni mpakaji, anayevuta mvuke huo kutwa nzima. Afanye kazi mahali penye upepo, anawe mikono, na vifaa vya chuma avioshe na kuvitia spiriti kabla ya kumgusa mteja mwingine. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, na hina nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele nazo zihofiwe, kwani huwaunguza baadhi ya watu hadi kuacha malengelenge. Hina safi haiwi nyeusi kwa nusu saa.

Mimi nasimama upande wa wanaopendezwa. Eneo hili limepigwa na vita, amri na uhamisho kwa zaidi ya karne moja, na katika miaka hiyo yote wanawake wake hawakukubali kuishi kwa kula na kulala tu. Walitaka pia kitu kizuri cha kukitazama na kukigusa, na wakakitafuta ng'ambo ya kila mpaka waliochorewa. Hiyo ni historia kamili, inayostahili kuandikwa kama ile ya magavana.

Basi vijana wa Arua na Koboko, mnaosoma vyuoni na mnaotafuta mada za utafiti, anzeni nyumbani. Waketisheni bibi zenu na mahajati wa mtaa, mwulizeni kila mmoja alipakwa hina na nani, chupa yake ya kwanza ya rangi aliinunua wapi, na ilimfikia kwa njia ya mpaka upi. Andikeni majibu yao wakiwa bado hai.